Dawa ya nyanya kwenye chupa ya maji, jamani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Wiki iliyopita mlitoa makala ya bustani za nyumbani, picha nzuri kweli, nyanya zinang'aa kama zimepakwa mafuta, na mwandishi anasema ukiwa na ndoo kumi na maji kidogo basi shida ya mboga kwako imekwisha. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza kulikoni. Mi nina ndoo 18, viroba sita (vya sandarusi namaanisha, sio vile vya pombe vilivyopigwa marufuku 2017) na tuta moja la viazi vitamu nyuma ya choo, huku Kigurunyembe, Morogoro, ukiinua shingo tu unauona mlima Uluguru. Sasa nataka niseme bustani inavyokuwa mwezi huu wa tisa mwishoni, jua kali na vuli bado.

Utamu upo, nisiwe mnafiki. Asubuhi unatoka na kikombe cha chai, ndege chozi wanapiga kelele kwenye ua la mgomba, bamia uliyoiacha jana kama kidole cha mtoto leo inakusubiri, na ukizembea siku mbili tatu imeshakomaa haikatiki hata kwa kisu. Matembele ndio usiseme, unachuma leo, siku chache tu yamerudi. Halafu kuna kinyonga kahamia kwenye mpilipili, majirani wananiambia niue ni mkosi, nikawaambia huyu ndio bwana shamba wangu na hadai posho. Nimemwona kwa macho yangu, inzi katua, ulimi huo, halafu anatafuna taratibuuu kama mzee asiye na meno.

Ila sasa vita. Tumbili mvua zikiwepo wanapata chakula chao huko juu, kiangazi kikibana wanashuka kundi zima na watoto wameng'ang'ania kifuani. Wangekuwa wanakula nyanya wakashiba ningevumilia, lakini tumbili anaonja, anang'ata moja anatupa, anang'ata nyingine anatupa, utadhani mtu anachagua tikiti sokoni. Nikatengeneza sanamu nikaivisha koti langu la zamani la kazini, siku ya kwanza walikimbia, siku ya tatu nimetoka nakuta dume limekaa begani kwa sanamu linakula papai langu na linaniangalia. Kuwaua ovyo huruhusiwi, hao ni wanyamapori na sheria ipo, kwa hiyo unabaki na kupiga debe na kupiga kelele. Mbwa wa jirani? Anaingia uvunguni.

Usiku ni zamu ya panya buku. Wote tunamjua Magawa, panya aliyezaliwa hapa hapa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, akaenda Kambodia kunusa mabomu mpaka Waingereza wakampa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Ndugu yake aliyebaki Kigurunyembe ananusa viazi tu, na hakosei. Anachimba palepale kwenye kiazi kinene.

Kantangaze nisimweleze sana, kila mwenye nyanya anamjua, tangu aingie nchini mwaka 2014 huyu mdudu wa Amerika Kusini katutangaza kweli. Mtoto wake anaishi ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, unapuliza dawa yeye yumo ndani kajifunika. Mi kinachonisaidia ni beseni la maji na sabuni chini ya taa usiku, asubuhi unakuta vipepeo vyake vinaelea, sio wote lakini.

Haya, kilichonifanya niandike ni utitiri. Majani ya nyanya yalianza vidoti vya njano, chini yake kuna utando kama wa buibui, nikaenda duka la pembejeo na jani mkononi. Kijana wa dukani hata hakuligeuza. Nikamwambia nina ndoo 18 tu, kopo la lita moja nitamaliza lini, akasema usijali mzee wangu nakupimia. Akachukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akamimina kitu cha njano njano hivi, akasema kizibo kimoja kwa ndoo ya maji. Kizibo cha nini, cha chupa hii au cha kopo lake? Jina la dawa hakuna, nikishapuliza nikae siku ngapi ndio nichume hakuna, na mi mjinga nikalipa nikaondoka.

Nikapuliza mara mbili, wiki mbili baadaye utitiri umeongezeka! Kuja kuuliza mtu aliyesomea mambo haya akaniambia utitiri ana miguu minane, ukoo wake ni kupe na buibui, dawa nyingi za wadudu hazimfanyi kitu, zinawaua wale wanaomla yeye, kwa hiyo mi nimemsafishia uwanja. Akaniambia ningeanza na maji tu, kupuliza kwa nguvu chini ya majani kila baada ya siku chache. Pesa yangu imeenda na ndoo saba nimeng'oa.

Hilo la nyanya nimelimeza. Ila jumamosi moja namkuta mjukuu wangu wa miaka minne kakaa kizingitini na ile chupa mapajani, anang'ang'ana na kizibo kwa meno. Hapa mtaani juisi ya ukwaju inauzwa kwenye chupa hizo hizo, yeye atajuaje? Nilimpokonya mpaka akalia, na mi mwenyewe mikono inatetemeka, nilikuwa nimeiweka juu ya dirisha nikidhani hafiki.

Najua viuatilifu vinasajiliwa, ndio kazi ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kule Arusha, lakini usajili unanisaidia nini kama lebo inabaki dukani mi napewa maji ya njano? Wenye viwanda watufungie vipakiti vidogo vya sisi wa ndoo, maelezo kwa Kiswahili kinachosomeka bila miwani miwili, na nyie gazetini mkiandika tena bustani za nyumbani mtumeni mwandishi akanunue dawa ya ndoo kumi aone atapewa kwenye nini.

Ile chupa bado ninayo, imebaki nusu. Nimeifunga kwenye gunia nikaipandisha juu ya dari, maana nikiimwaga chini kuna kisima cha jirani, na nimeuliza watu watatu nani wa kuipokea, hakuna aliyenijibu.

Mkulima wa ndoo,
Kigurunyembe, Morogoro