Barua ya wazi kwa Daktari Dhamana wa Wilaya yetu: ile simu ya kituo cha afya iwashwe

Mheshimiwa Daktari Dhamana,

Assalaam alaykum. Nimekuja ofisini kwako mara tatu, mara zote naambiwa uko kikaoni. Leo nakuandikia mbele ya watu, uniwie radhi.

Usiku wa Jumapili iliyopita mke wa mwanangu, mwenye mimba ya miezi saba, alishikwa na kichwa, kisha akasema anaona ukungu. Uso ulikuwa umevimba. Ni yeye mwenyewe aliyesema, "Mama, hizi ni zile dalili za hatari." Alizijua kwa ujumbe mliomtumia nyinyi kwenye simu, pamoja na ule wa kumkumbusha siku ya kliniki. Tukatoa kadi yake, tukapiga namba ya kituo iliyoandikwa nyuma kwa kalamu. Haipatikani. Saa nne haipatikani, saa sita haipatikani, saa tisa haipatikani. Alfajiri tukampakia kwenye gari ya samaki. Presha ilikuwa 170 kwa 110. Mtoto kazaliwa kabla ya wakati, na mama yake bado hajapata nguvu za kumpakata.

Daktari, uliahidi. Ulisimama uwanja wa skuli, ukainyanyua ile simu tukaiona sote, ukasema itakuwa wazi usiku na mchana. Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Wauguzi siwalaumu. Mmoja kaniambia vocha hununua kwa pesa yake, mwingine kasema betri ilikufa zamani. Mimi nadhani mradi wa simu hiyo ulipokwisha hakuna aliyeitia kwenye bajeti. Kama sivyo, tuambie ni nini.

Faida yake unaijua kuliko mimi. Hapa hapa Zanzibar, mwaka 2009 hadi 2010, utafiti wa Wired Mothers ulifuatilia wajawazito 2,550 katika vituo 24. Waliopata ujumbe, pamoja na vocha ya kumpigia mkunga, asilimia 44 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi. Wasiopata, asilimia 31. Hiyo vocha haikuwa ya mapambo. Ujumbe unamwita mama aende kliniki, lakini akizidiwa usiku anataka mtu wa kumjibu. Na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito aonwe mara nane. Mara nane, kwa mwanamke anayekwenda kwa miguu saa nzima! Afike mara ngapi akute mpimaji hayupo, na hana pa kuuliza kabla hajatoka nyumbani?

Sikuombi jengo, wala gari. Naomba ile simu iwashwe, iwe na salio, na awepo wa kuipokea usiku. Kama ni betri, nitachangia mimi.

Jirani yangu ana mimba ya miezi minane. Jana kaja kuniuliza kama ile namba imerudi. Nimjibu nini, Daktari?

Mimi, bibi wa mtoto