Fomu ya maabara itaje saratani ya awali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalosahaulika kwa sababu hutokea kwa nadra, nalo ni kwamba si kila saratani inayokutwa kwenye titi imeanzia hapo. Zinazotoka viungo vingine hukadiriwa kutozidi 2% ya saratani zinazogunduliwa kwenye titi, na zile za tumbo ni sehemu ndogo tu ya hizo. Hata hivyo, chanzo kisipotambuliwa, mgonjwa anaweza kuondolewa titi bila faida huku ugonjwa ukiendelea kuenea mwilini, ilhali alihitaji dawa za saratani ya tumbo.

Ugumu huanzia kwenye hadubini. Saratani ya tumbo inayofika kwenye titi mara nyingi ni ile ambayo seli zake hujaa ute unaokisukuma kiini pembeni, zikaonekana kama pete yenye kito, lakini saratani ya matiti ya aina ya lobula (inayohusishwa na vitezi vya maziwa) nayo huweza kuwa na seli kama hizo. Mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, huenda isioneshe donge lolote, bali ngozi iliyonenepa tu. Ndiyo maana mtaalamu wa patholojia, anayechunguza vinyama vilivyokatwa kutoka kwa mgonjwa, hupima protini za seli: GATA3 kwa kawaida huelekeza kwenye titi, CDX2 na CK20 kwenye njia ya chakula, na hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachotosha peke yake. HER2, protini nyingine ambayo wengi huihusisha na titi, hupatikana pia katika baadhi ya saratani za tumbo.

Mtaalamu huyo huomba vipimo vya ziada anapokuwa na shaka, na fomu ya daktari inayoambatana na kinyama ikiandikwa “uvimbe, titi la kushoto” tu haimpi sababu ya kushuku lolote. Nawasihi madaktari waongeze mstari mmoja: “aliwahi kutibiwa saratani ya tumbo.” Kinyama cha zamani, kama bado kimehifadhiwa, kilinganishwe na kipya. Wagonjwa nao wataje ugonjwa huo hata kama wanaamini ulikwisha kupona, na asiyewahi kuugua lakini anashiba upesi, anatapika au anakonda aseme, ili tumbo lichunguzwe kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni.

Wala historia hiyo isiwe hukumu kwamba uvimbe wa titi lazima umetoka tumboni, kwa kuwa wenye hitilafu ya kurithi katika jeni ya CDH1 wanaweza kupata saratani ya tumbo na ya titi, kila moja ikiwa na chanzo chake. Upasuaji wa titi usubiri majibu hayo.

Wako,
Msomaji, mtumishi wa maabara ya patholojia