Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka kwa Wanachama wa Welfea, Soko la Kibuye, Kisumu

Wanachama wenzangu, hamjambo. Mambo ya kawaida mnayajua, misiba tulihudhuria, viti na hema tulikodisha, mikopo ikatoka, mapato 412,000 na matumizi 388,000, mwenye anataka vitabu mweka hazina ako navyo.

Sasa ile 60,000 tulilipia matibabu ya mwenzetu. Kuna wenye wanasema kamati ilitoa pesa ya msiba kwa sababu ya jino tu. Mimi ndiye niliweka sahihi na hata leo naweka. Mwenzetu alikuwa na gego la chini limeoza, anatuliza na dawa za kemisti tu, na juu ya hiyo ako na ugonjwa wa sukari. Asubuhi hiyo nilimkuta kibandani amevimba chini ya kidevu pande zote mbili, pagumu kama ubao, mdomo umekataa kufunguka, ulimi umesukumwa juu, mate yanamtoka hawezi kumeza na hawezi kulala chali maana anakosa pumzi. Hiyo si ya kungoja mkutano!

Nilimuuliza daktari, akanieleza mizizi ya magego ya nyuma inashuka chini ya ule msuli wa sakafu ya mdomo, kwa hivyo maambukizi yanaenda shingoni, yanaweza fika hadi kifuani, na chenye kinaua haraka ni njia ya hewa kuzibwa. Ugonjwa wenyewe unaitwa angina ya Ludwig, ulielezwa na daktari Mjerumani, Ludwig, 1836, na kabla ya antibiotiki zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanakufa. SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, haikuwa imelipwa, so tukalipa sisi, akawekwa dripu, akapasuliwa usaha ukatolewa, jino likang'olewa, na saa hii anauza hapo karibu na geti. Katiba inasema msiba na ajali, sawa, lakini mlitaka tungoje tumchangie jeneza?

Na wenye walipiga kelele sana kwa WhatsApp, mkutanoni hawakuonekana. Tuko 64, walikuja 19. Madeni ya michango ni 71,500, na hiyo inaniuma kwa sababu siku ya dharura mfuko ulibaki karibu mtupu.

Mwaka ujao Mungu akijalia tutajaribu kuita daktari wa meno aje sokoni awaangalie watu mapema, na tupige kura kuingiza ugonjwa wa ghafla kwa katiba. Wenye deni mlipe kabla ya hiyo kura.