Barua ya Kufunga Muhula: Mti wa Krismasi wa Kutengeneza Nyumbani

Kwa wazazi na walezi wote,

YAH: KUFUNGA SHULE NA KAZI YA LIKIZO

Poleni na majukumu. Wiki hii tunafunga mwaka wa masomo. Ripoti mtakabidhiwa madarasani, na naomba kila mzazi aje mwenyewe, asimtume kaka au dada wa mtoto. Mambo ya sare na michango tutayamaliza siku hiyo hiyo.

Leo nataka kusema zaidi juu ya kazi ya likizo. Huku kwetu Kilimanjaro Desemba ni mwezi wa watu kurudi nyumbani, na ndio mwezi ambao saiprasi changa hukatwa vilele usiku ili zipambwe sebuleni. Mwaka jana ilikatwa miche ya kando ya uwanja wetu, ambayo watoto wa Darasa la Tano waliipanda na kuimwagilia kiangazi chote. Saiprasi ikishakatwa kilele hainyooki tena, huchipua panda mbili tatu, na mbao nzuri haipatikani hapo. Iliniuma sana, na watoto iliwauma zaidi.

Saiprasi yenyewe asili yake ni Mexico, na desturi ya kupamba mti ilitoka Ujerumani. Sioni kwa nini tusitengeneze mti wetu kwa vitu vilivyojaa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani.

Okoteni vijiti vikavu vya mbuni au mgrevilea, saba hadi tisa. Cha chini kiwe na urefu wa mkono wa mtu mzima, na kila kinachofuata kipungue, mpaka cha juu kabisa kilingane na kidole. Vipangeni sakafuni mkiacha nafasi ya vidole vinne, kisha viungeni kwa kamba ya mgomba, upande wa kushoto na wa kulia. Kamba iloweshwe kwanza. Ikiwa kavu hukatika mnapokaza fundo. Tundikeni kwenye msumari ukutani. Hata anayeishi chumba kimoja ana nafasi ya mti huu, na sikukuu ikipita unaukunja kama mkeka.

Mapambo yapo mengi: maganda ya mjakaranda yale bapa ya mviringo, matunda makavu ya mpaina, nyota za maganda ya mahindi. Nyota watoto wameshajifunza kuzikunja, waacheni wawafundishe. Kusokota kamba waulizeni bibi na babu, wanaijua kazi hiyo kuliko sisi walimu.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini. Minyaa ya uzioni msiitumie, ingawa umbo lake linavutia: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza na unaweza kumtia mtoto upofu. Mbegu nyekundu za mtipitipi zenye doa jeusi, pamoja na mbegu za nyonyo, ni sumu kali. Mdogo wao akizitafuna anaweza kufa. Mishumaa na vibatari vikae mbali, kwa sababu majani makavu ya mgomba hushika moto mara moja. Masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka wa vihamba, mtoto asiyaguse kabisa. Mnajua wenyewe uzito wake kati ya majirani.

Familia zisizosherehekea Krismasi, mtoto atengeneze pambo la ukutani la umbo lolote kwa vifaa hivyo hivyo. Alama zitakuwa sawa.

Kitu cha kununuliwa dukani hatutakipokea, hata kiwe kizuri namna gani. Wala mzazi asimfanyie mtoto kazi yote. Mshikie kijiti, fundo afunge mwenyewe. Fundo lililolegea la mtoto wa Darasa la Pili lina thamani kwangu.

Tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini ya ripoti. Kazi zote ziletwe siku ya kwanza, zikiwa na jina na darasa la mtoto, tuzitundike kwenye kuta za madarasa. Wiki hiyo hiyo tutapanda upya miche iliyokatwa. Mwenye jembe la ziada amkabidhi mwanawe aje nalo.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu