Zuhura, usiuache ukili

Tanga, 9 Agosti

Mpenzi Zuhura,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, mama anauliza goti la bibi linaendeleaje.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wiki tatu umekaa mbele ya bibi ukimtazama anavyosuka ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka, lakini ukishika wewe, miyaa, yale majani makavu ya kusukia, inakutoka, na sasa unataka kuacha. Usiache, tafadhali.

Mwaka 2004 watafiti wa Parma, Italia, walichapisha utafiti ambao tangu niusome haunitoki kichwani. Waliwalaza watu wasiojua gitaa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha mkono wa mpigaji ukibana nyuzi. Wangoje kidogo, kisha waige. Hata walipokuwa wakitazama tu, sehemu za ubongo zinazohusika na kuongoza mkono zilishaamka. Kwa hiyo wiki zako tatu hazikupotea.

Kilichonigusa zaidi ni kile kitambo cha kungoja. Kumbe ndipo kazi inapozidi! Sehemu zilezile zinaendelea, na nyingine ya mbele, nyuma ya paji la uso, inaingia. Wao wanaeleza kuwa hiyo huchagua vipande vya miondoko ambavyo mkono unavijua tayari, ikaviunga upya. Kukunja chane, kile kipande chembamba cha jani, unajua, kupitisha juu na chini unajua. Bado kuviunga kama bibi.

Mimi nilipojifunza kwa shangazi, nilikuwa nikimpokonya ukili kabla hajamaliza mkunjo, na ukingo wangu ukipinda kila siku. Alasiri moja akanibana viganja chini ya goti lake. "Tazama. Bado. Bado." Chane ya pembeni ikageuka, ikalala chini ya mwenzake, ikaibuka. Akanyamaza kidogo, ndipo akaniachia: "Haya, sasa." Siku hiyo nilisuka shubiri nzima iliyonyooka.

Basi kesho hamia ubavuni kwa bibi, ili mkono wake wa kulia uwe upande mmoja na wako wa kulia. Asuke mkunjo mmoja, polepole, aache. Usishike hapo hapo. Tulia, vione vidole vyake akilini, kisha suka. Na miyaa uiloweshe kidogo, ikikauka inakatika.

Nitumie kipande cha kwanza, hata kikiwa kimepinda. Nitakitunza.

Akupendaye,
Mwanaisha