Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaocheza kikapu katika vyuo vya Marekani

Wanangu,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Nawaandikia kutoka Lexington, katika jimbo la Kentucky, ninakoishi na familia ya binti yangu tangu nilipostaafu ualimu. Kwa miaka mingi nilifundisha hisabati katika sekondari moja ya Kigoma, na jioni, vitabu vikishafungwa, nilikuwa kocha wa mpira wa kikapu kwenye kiwanja cha saruji chenye nyufa nyingi kiasi kwamba mwenye kudunda mpira ilimbidi azijue zote kwa kichwa. Hapa Lexington Kiswahili hakinipungukii, kwa sababu ndugu zetu wengi kutoka Kongo wamehamia mji huu. Kikapu nacho hakinipungukii, kwani timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Kentucky huzungumzwa dukani, kanisani na hospitalini kama kwetu wanavyozungumzwa Simba na Yanga.

Wiki iliyopita mmoja wenu alinipigia simu saa chache baada ya timu yake kutolewa. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mzee, msimu wote umekwenda bure." Nilimfariji kwa maneno machache, lakini tangu nilipokata simu neno hilo "bure" halijaniacha, nami nimeona niwaandikie nyote, mliotoka Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda, kwa kuwa najua si yeye peke yake anayelisema.

Mwalimu wa hisabati huanza na hesabu. Mashindano ya Machi, yale ya kutafuta bingwa wa vyuo wa nchi nzima, huchukua timu 68, na ili abaki bingwa mmoja ni lazima zichezwe mechi 67, kila mechi ikimtoa mmoja. Maana yake ni kwamba timu 67 kati ya hizo 68, ambazo ndizo zilizofuzu kutoka timu zaidi ya 350 za daraja la kwanza zilizoanza msimu Novemba, humaliza mwaka wao kwa kufungwa. Ndivyo mashindano yenyewe yalivyoundwa. Kijana anayejiunga na timu ya chuo hana budi kulijua hili tangu siku ya kwanza ya mazoezi: karibu kwa hakika, mechi yako ya mwisho utafungwa. Kama kufungwa huko ndiko kunakoufanya msimu kuwa bure, basi misimu ya karibu wote waliowahi kuucheza mchezo huu imekuwa bure, na hilo hata ninyi hamliamini.

Nitawapa mfano nilioushuhudia mwenyewe nikiwa sebuleni kwa binti yangu. Msimu wa 2021 hadi 2022 Kentucky walikuwa na Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, kijana ambaye wazee wa Kikongo wa hapa walimwita "mtoto wetu" hata kama hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Mwaka ule alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, yaani mipira anayoidaka mtu baada ya mtupo kukosa kikapu, akatajwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vya nchi nzima. Ninyi mnaocheza mnajua ribaundi 15 maana yake ni nini. Si kazi ya urefu peke yake. Ni kumtafuta mpinzani kwa mgongo wako kabla mpira haujagusa chuma, kupigwa viwiko mbavuni, kuruka, kukosa, kuruka tena wakati wengine wameshaanza kurudi, na kufanya hivyo Jumanne ya Januari dhidi ya timu ambayo hakuna anayeikumbuka.

Alhamisi ya tarehe 17 Machi 2022, mjini Indianapolis, Kentucky waliopangwa namba 2 katika kundi lao walikutana na Saint Peter's waliopangwa namba 15 (namba 1 hupewa timu inayodhaniwa kuwa bora, na 16 ile dhaifu kuliko zote), chuo kidogo cha Wajesuiti kutoka Jersey City ambacho timu yake huitwa Tausi. Watu wa hapa walikuwa wameshaanza kuzungumzia mechi ya raundi ya pili. Dakika 40 zilikwisha wakiwa sare, 71 kwa 71, na katika muda wa nyongeza Tausi wakashinda 85 kwa 79. Tshiebwe alimaliza akiwa na pointi 30 na ribaundi 16. Nataka mzitazame vizuri namba hizo, kwa sababu yeye alifanya kazi yake yote aliyozoea kuifanya, akaizidisha, na bado akafungwa. Mjukuu wangu, aliyekuwa amevaa fulana ya buluu ya timu, alilala palepale kwenye zulia bila kutaka kula.

Sasa fuateni mnyororo huo hadi mwisho wake. Tausi waliwafunga Murray State na Purdue, wakawa timu ya kwanza iliyopangwa namba 15 kufika kati ya nane za mwisho, na huko wakafungwa na North Carolina 69 kwa 49. North Carolina nao walifika fainali, wakaenda mapumziko wakiwa mbele ya Kansas kwa pointi 15, na wakafungwa 72 kwa 69. Basi aliyemliza Kentucky alilia, na aliyemliza huyo naye akalia. Ni Kansas peke yao waliorudi nyumbani bila machozi ya namna hiyo. Ni nani kati ya hawa mtakayemwambia kwamba msimu wake ulikuwa bure? Mtawaambia Tausi?

Tshiebwe mwenyewe alirudi Kentucky mwaka uliofuata, ingawa mchezaji aliyepata sifa kama zake kwa kawaida huwa ameshaondoka kwenda kucheza katika timu za kulipwa. Machi ya 2023, katika mechi ya kwanza ya mashindano dhidi ya Providence, alidaka ribaundi 25 na timu ikashinda 61 kwa 53. Katika mechi ya pili wakatolewa na Kansas State. Mwisho ukawa uleule wa kufungwa. Hata hivyo nilipokutana baadaye na mzee mmoja wa Lubumbashi, fundi viatu, hakunitajia Kansas State. Alinionyesha kwa mikono yake miwili, juu ya meza ya kazi, jinsi kijana yule alivyokuwa akiunyakua mpira na kuuteremsha chini ya kidevu, viwiko nje, ili mtu asiupokonye.

Hapa ndipo penye ushauri wangu mkubwa: jifunzeni kuumaliza msimu, na muanze kujifunza hilo mapema, wakati bado mnashinda. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilishindwa kuwafundisha vijana wangu. Mwaka mmoja, katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ngazi ya mkoa, tulifungwa kwa pointi moja baada ya mwamuzi kutoa uamuzi ambao hadi leo naamini haukuwa sahihi. Kwa hasira niliwaamuru vijana wapande gari mara moja bila kuwapa wenzao mikono. Mlinzi wetu, mtoto mdogo wa kidato cha pili, alikuwa tayari ameunyoosha mkono kwa mpinzani aliyekuwa mbele yake. Aliposikia sauti yangu aliurudisha, akaufuta kwenye kaptula yake, akanifuata akiwa ameinamisha kichwa. Nimesahau matokeo ya mechi nyingi tulizoshinda, lakini mkono ule ninauona hata sasa ninapoandika. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wao, nami ndiye niliyewafundisha kwamba aliyefungwa hana heshima ya kutoa wala ya kupokea.

Kwa hiyo nawaomba, usiku ule utakapofika, mkae uwanjani hadi mmempa mkono kila mtu, pamoja na waamuzi. Kaeni chumba cha kubadilishia nguo hadi wa mwisho avue viatu, hasa wale wa mwaka wa nne ambao hawatazivaa tena jezi hizo. Aliyekosa mtupo huru wa mwisho asiachwe akae peke yake kwenye basi.

Tena msifanye uamuzi wowote wa maisha usiku huo. Siku hizi mchezaji anaweza kuliweka jina lake katika orodha ya wanaotaka kuhama chuo, na mlango huo hufunguliwa majira yaleyale ambayo mioyo yenu bado ina majeraha. Sisemi kuhama ni kosa. Tausi wenyewe, baada ya kuitikisa nchi nzima, walitawanyika ndani ya muda mfupi. Kocha Shaheen Holloway alikwenda Seton Hall, na wachezaji wengi wakatafuta vyuo vingine, na walikuwa na haki yao. Tshiebwe naye alifika Kentucky akitokea West Virginia. Ninachosema ni kwamba anayehama akikimbia usiku mmoja mbaya ataukuta usiku wa namna hiyo huko aendako, maana mlishaiona hesabu. Ngojeni majuma mawili. Zungumzeni na kocha mkiwa mmeketi, si kwa ujumbe wa simu, na muulize ni dakika ngapi mtacheza, nani atakayelipa ada, na masomo mangapi mliyokwisha kufaulu yatapokelewa na chuo kipya, kwani wapo waliohama wakajikuta wamerudi nyuma mwaka mzima darasani.

Ninyi mlio na viza ya mwanafunzi mna jambo jingine ambalo wenzenu Wamarekani hawana. Uhalali wenu wa kukaa nchi hii unategemea darasa, si kikapu, na kwa kawaida mnatakiwa kusoma angalau saa 12 za masomo kwa muhula. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, lakini ruhusa hiyo haikuzibadili sheria za uhamiaji, zinazombana mwenye viza hiyo asifanye kazi za namna hiyo akiwa ndani ya Marekani. Ndiyo maana Tshiebwe alifanya kazi za matangazo akiwa Bahamas, timu ilipokwenda huko kucheza Agosti 2022. Msitie saini karatasi yoyote ya fedha kabla ya kufika ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chenu, hata kama anayewaletea ni ndugu mnayesali naye.

Lipo jambo la mwisho, na mmoja wenu alilisahau wiki iliyopita. Mechi inayoanza saa moja jioni huku, wakati huu wa Machi, Dar es Salaam ni saa nane usiku. Mama yako hakulala. Alikaa na simu ya jirani yenye bando, akiangalia mtandao ukikatika na kurudi, na ulipozimika dakika za mwisho hakujua kama mmeshinda au la, wala kama ulipoanguka ulinyanyuka mzima. Kabla hujafungua ujumbe wa mashabiki, wa marafiki au wa mawakala, mpigie yeye. Akikuuliza mmefungwa ngapi, mwambie. Kisha muulize amekula nini, na umwache aende akalale, kwa maana huko kunakaribia kupambazuka.

Mzee wenu,
Lexington, Kentucky