Barua ya wazi kwa binamu yangu injinia wa mitandao

Binamu yangu,

Habari za kazi? Na shangazi anaendeleaje? Nimeamua kukujibu hapa hadharani, kwa sababu uliyoniandikia juzi nayasikia kwa wengi wa fani yako. Ulisema utawala wa intaneti, yaani nani anaamua kanuni zake na kwa mamlaka gani, ni mikutano ya watu wa posho, na kwamba Afrika ikipata mikongo ya kutosha, yaani nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, na umeme wa uhakika, mengine yatajipa yenyewe. Nakuheshimu sana, maana wewe ndiye unayeamshwa usiku wa manane laini zikikatika. Ila kwa hilo sikubaliani nawe hata kidogo.

Mikongo tumepata. SEACOM ilifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Sasa kumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo hiyo hiyo miwili ilipokatika baharini kaskazini mwa Durban, nasi huku tukabaki kutazama kiduara kinazunguka kwenye simu. Kilichoniuma zaidi ni tovuti za hapa hapa, za wafanyabiashara wa hapa hapa, nazo kugoma kufunguka, kisa zimehifadhiwa kwenye seva za Ulaya. Mteja yuko Sinza, muuzaji yuko Kariakoo, lakini oda inavuka bahari kwenda na kurudi.

Wakenya walilishughulikia hilo mapema, na habari yao ndiyo iliyonifanya niache kufikiri kama unavyofikiri wewe. Zamani barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani, ikiwa kila moja ina mtoa huduma wake, ilipanda satelaiti hadi Ulaya au Marekani ndipo irudi Nairobi. Novemba 2000 watoa huduma wakaunganisha mitandao yao mahali pamoja, kituo cha kubadilishana data ndani ya nchi, wakakiita KIXP. Vifaa havikuwa vingi, wala ufundi wake haukuwa wa ajabu. Wewe na vijana wako mngekisimika kwa siku chache. Lakini baada ya wiki mbili hivi kituo kikafungwa. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba kisheria, ililalamika kwa mdhibiti wa mawasiliano kwamba inaingiliwa, na mdhibiti akaamua kituo hakina kibali.

Tafadhali litafakari hilo kama fundi. Swichi za mtandao zilikuwa nzima, nyaya nzima, umeme upo. Kilichokosekana ni karatasi. Ikabidi watoa huduma wakae karibu mwaka mzima wakijenga hoja kwamba wao si kampuni mpya ya simu, bali wanabadilishana data zao wenyewe kwa wenyewe. Leseni ikatoka mwishoni mwa 2001, kituo kikafunguliwa tena Februari 2002. Safari ya data iliyokuwa ikichukua milisekunde 1,200 hadi 2,000 ikashuka hadi kati ya 60 na 80, yaani kutoka zaidi ya sekunde nzima hadi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Sihitaji kukueleza maana ya namba hizo. Kufikia 2020, kwa makadirio ya Internet Society, shirika la kimataifa la kuendeleza intaneti, karibu asilimia 70 ya trafiki ya intaneti ya Kenya ilikuwa inapatikana humo humo nchini, kutoka asilimia 30 mwaka 2012. Hayo yote yalizaliwa na watu waliokubali kukaa vikao vya kuchosha kuhusu tafsiri ya sheria.

Sasa nije kwenye linalokuhusu wewe moja kwa moja: AFRINIC.

Anwani za IPv4 za bara letu, yaani namba zinazotambulisha vifaa na mitandao kwenye intaneti, zinagawiwa na taasisi hiyo iliyoko Mauritius, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Anwani hizo ni kama viwanja vya katikati ya mji: haviongezeki, na kila mwenye pesa anavitolea macho. Anwani moja imewahi kuuzwa sokoni kwa zaidi ya dola 50. Mwaka 2019 ikabainika kwamba zaidi ya anwani milioni 4 zimechotwa kinyume cha taratibu. Halafu ukaja mgogoro na kampuni moja yenye anwani zaidi ya milioni 6, nyingi zikitumika nje ya Afrika. AFRINIC ilipotaka kuzirudisha, kesi zikafuatana, na mwaka 2021 mahakama ikazuia akaunti zake za benki. Ikafika mahali taasisi haina bodi yenye akidi wala mkurugenzi mkuu, hadi mahakama ikateua msimamizi. Uchaguzi wa Juni 2025 ukafutwa kufuatia malalamiko juu ya hati za uwakilishi, yaani karatasi zinazomruhusu mtu kupiga kura kwa niaba ya mwanachama mwingine. Bodi mpya ilipatikana Septemba mwaka huo.

Hati za uwakilishi, binamu! Hizo huwa na nguvu pale wenye kura wanapoziacha kura zao ziokotwe. Kampuni yenu ina anwani zake, kwa hiyo ni mwanachama na ina kura. Nilipokuuliza nani aliipiga, ulinijibu hujui.

Na kuna lile la kuzima. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa hapa kwetu Tanzania, na giza hilo likadumu kwa siku kadhaa. Nani ana mamlaka ya kuagiza hivyo, kwa sheria ipi, na mwananchi anamshtaki wapi, ni maswali ya utawala wa intaneti, wala mkongo wa kumi hauyajibu. Afrika Magharibi wamepiga hatua: Juni 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua kwamba Togo ilivunja haki ilipozima intaneti mwaka 2017. Waliofungua shauri hilo walikuwa mashirika ya kiraia na mwandishi wa habari. Nina hakika walisaidiwa na mtu anayejua jinsi mtandao unavyozimwa, mtu kama wewe.

Sikuombi uache kazi uwe mtu wa mikutano. Ukifika ofisini Jumatatu, ulizia akaunti yenu ya AFRINIC imesajiliwa kwa jina la nani, kama bado yupo kazini, na nani ana ruhusa ya kupiga kura kwa niaba yenu. Kisha omba jina hilo liwe lako.